Ukuta wa Upande wa Mashariki

Siku yangu ya kwanza kazini katika uwanja wa mpira wa Migori, nyapara alinikabidhi panga, kamba na ndoo ya chokaa, kisha akaniuliza kama naujua mpira. Nikamwambia kwetu Ntimaru nilichunga ng'ombe wa baba, mpira siujui. Akasema, "Nyathina, uwanja ni kama ng'ombe. Usipoutazama kila asubuhi, utaugua bila wewe kujua." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na hivyo ndivyo alivyoniita mpaka alipostaafu.

Enzi hizo uwanja ulikuwa wa baraza la mji. Udongo wake mweusi ulinasa mguu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyapara alinifundisha kuzibua mitaro kabla ya masika. Alinionyesha jinsi ya kupata kona iliyo sawa: unapima hatua tatu upande huu, nne upande ule, na kamba ya kuunganisha ikitimia tano, unaweza kumwaga chokaa. Alinifundisha pia timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma kizito chini, maana mlingoti wa goli ukiinama hata kidogo, kipa ataulalamikia.

Alipoondoka, nikaachiwa uwanja. Wengine hawakupenda kuona mwanamke akisimamia kazi ile, lakini mistari yangu ilikuwa imenyooka, kwa hiyo wakazoea.

Kisha ikaja fainali kati ya timu yetu na timu ya Homa Bay. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya mechi nilipita upande wa mashariki, penye ukuta wa mawe uliozuia udongo wa mwinuko. Watu walipenda kukaa juu yake kwa sababu hapakuwa na viti vya watazamaji. Niliuona umefura katikati. Nikateremsha timazi kutoka juu. Chini ukuta uliachana na uzi kwa upana wa kiganja kizima, yaani ulikuwa umeinamia uwanjani.

Nilikwenda mbio kwa Karani wa Mji, mkubwa wetu wa baraza. Alikuwa amevaa suti ya kupokea wageni.

"Mama, kazi yako si nyasi?" aliniuliza.

"Ni nyasi, Bwana Karani. Lakini ule ukuta unakuja chini."

"Watu wametoka Rongo, wengine Rusinga. Niwaambie nini?"

"Uwaambie mimi ndiye nimekataa. Nifute kazi kesho ukitaka."

Nilikuwa na watoto wanne, na mume wangu hakuwa na kazi. Karani akachukua kofia yake, akasema, "Twende nione."

Aliushika ule uzi kwa mkono wake, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda mwenyewe langoni, akapanda juu ya kiti na kutangaza kwamba uwanja umefungwa na mechi imehamishiwa shule ya jirani. Hakutaja jina langu. Walimtupia maganda ya miwa na matusi, naye akasimama pale pale mpaka mtu wa mwisho alipoondoka.

Mvua ilirudi alasiri, na ukuta ukaanguka wote, mawe yakatapakaa hadi kwenye mstari wa kona. Hakuumia hata kuku. Karani alikuja, akavua kofia, akaniambia, "Asante, mama."

Baadaye nilihamia Homa Bay, nyumbani kwa mume wangu, nikapata kazi kama hiyo. Serikali za kaunti zilipoanza, zikatuletea mashine za kukata nyasi na wakubwa wenye shahada. Niliwafundisha ya kamba, wakanifundisha ya mbolea, tukapatana.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, mzee mmoja aliomba kusema. Alikuwa nahodha wa Homa Bay katika ile fainali, na alikiri kwamba siku ile alimtukana Karani langoni, kabla ya kujua kwamba aliyekataa ni mimi. "Mke wangu alikuwa amekuja na mtoto mgongoni," alisema. "Walikuwa wameshachagua mahali pao juu ya ukuta. Yule mtoto sasa ni mwalimu. Erokamano, mama, asante sana."

Sikuwahi kufunga goli maishani. Lakini nilipata nyapara aliyenifundisha kutazama, na mkubwa aliyekubali kuja kuona. Ninapowakumbuka katika sala zangu, huwa siombi kitu. Nashukuru tu, kisha nalala.