Wimbo wa Kihindi, Maneno ya Mlandege

Mama yangu alikuwa akitunga nyimbo za harusi. Tulikaa Mlandege, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na nyimbo zake alizitunga huku akishona kofia. Sindano ingesimama, macho yangekwenda ukutani, kisha ningesikia midomo yake inapiga hesabu ya maneno. Kuandika hakujua. Akishamaliza ubeti aliniimbia mimi, niliyekuwa na miaka kumi na moja, nimshikie usije ukampotea.

Maneno yalikuwa ya mama, sauti ilikuwa ya shoga yake. Walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachezwa unyago pamoja, wakaolewa mwaka mmoja. Mimi nikimwita mama mdogo. Nilikuwa nikimwamkia "Shikamoo" na yeye akijibu "Marahaba mwanangu" kwa ile sauti yake iliyofanya hata jambo dogo lisikike kama limeimbwa. Wao wawili na wanawake wengine wa mtaani walikuwa na chama chao cha tari na ngoma ndogo, wakialikwa kwenye harusi za Ng'ambo na za shamba.

Ukumbi mmoja wa sinema mjini uliwawekea wanawake onyesho lao peke yao, mchana mmoja kila wiki. Chama kizima kilikwenda, buibui kwa buibui, nami nimeshikwa mkono. Picha ilikuwa ya Kihindi. Mwanamke kaachwa na mumewe kwenye kituo cha garimoshi na mtoto mgongoni, mume kaenda kwa mke mwingine. Kihindi hakuna aliyekijua, lakini yule mwanamke alipoanza kuimba pale kituoni, ukumbi wote ulilia. Mama mdogo alilia mpaka akajifutia ukaya wake wote. Mama hakulia. Alikuwa anatazama tu.

Sababu niliijua. Baba alikuwa mchuuzi wa machungwa, akenda shamba kuyanunua na kuyaleta sokoni Darajani. Kwanza alilala huko usiku mmoja, kisha miwili, na mwisho tukajua ana mke Tunguu. Mama hakugomba. Kila magharibi alimpakulia chakula chake akakifunika kwa kawa, na asubuhi, kikishachacha, aliwamwagia kuku uani kabla jirani hawajaamka, ili sahani ionekane imeliwa. Siri ile tulikuwa nayo watatu: yeye, mimi, na mama mdogo.

Baada ya sinema ile mtaa uligeuka. Mwenye mkahawa wa pembeni alinunua santuri ya wimbo wa kituoni, akawa anaupiga tangu anapofungua mpaka anapofunga. Wasichana walianza kufunga nywele kama yule mwanamke. Na kwenye mazoezi ya chama mama mdogo akasema, "Shoga, tutilie maneno yetu humu."

"Wimbo una mwenyewe huo," mama akajibu.

"Mwenyewe yuko Bombei. Atatujulia wapi?"

Wakacheka, na mama akakubali. Nilimwona anavyotaabika nao. Maneno aliyoyazoea yalitaka nafasi ya kutembea, na wimbo ule ulitaka vipande vifupi vya kurukaruka. Akatia hivyo hivyo, sifa za bibi harusi, na ulipoimbwa mara ya kwanza wanawake walisimama kwenye mikeka, kila mtu anataka kumtunza mwimbaji. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka nyimbo zake mwenyewe. Wenye harusi walikuja mlangoni wanasema, "Ile ya sinema, Bi mkubwa, na kama ipo mpya ya sinema, hiyo pia. Zile za kizee basi." Mama hakuwa amefika hata miaka thelathini na mitano.

Alitia maneno katika nyimbo mbili tatu nyengine, kisha akawaambia mazoezini, "Mimi sitii tena. Sikuzaliwa kasuku wa Bombei."

Neno kasuku liliwauma, maana waliokuwa wakiimba ni wao. Mama mdogo alilikunja busati lake taratibu.

"Hutaki, basi. Tutatia wenyewe," akasema.

Mama aliacha kwenda mazoezini, na wao hawakuja kumwita. Alidhani wataona kazi ilivyo ngumu, watarudi. Nilimsikia akimwambia mwenye duka la vitambaa, "Watarudi tu." Miezi ikapita.

Kisha akaolewa binti wa binamu yake, Kiembe Samaki. Harusi ya damu haikataliwi, tukenda. Ilikuwa baada ya alasiri, uani kumejaa, na walioalikwa kuimba walikuwa wao. Mama alikaa katikati ya wanawake, kanga mpya, uso mkavu. Waliimba mbili tatu za kumpamba bibi harusi. Kisha tari zikaanza ule wimbo wa kituoni, na mama mdogo akasimama.

*Funika kawa, bibi funika,*
*bwana kalala Tunguu.*
*Kuku wa uani washanenepa,*
*bwana anakula Tunguu.*

Mama hakumtazama mwimbaji. Aligeuka akanitazama mimi. Sijui ilikuwa kwa muda gani, ulitosha. Alikuwa anauliza kama ni mimi niliyetoa maneno, na nilitikisa kichwa, na akaniamini, na nadhani angependa zaidi lau ningekuwa mimi. Mtoto husamehewa.

Wanawake walikwishaelewa. Walicheka kwanza kwa kujifunika kanga, halafu bila kujifunika. Ni wale wale waliokuwa wakijifuta machozi kwa ajili ya mwanamke wa kwenye kitambaa cheupe cha sinema. Yule aliachwa kwa Kihindi, wakamlilia. Huyu aliyeachwa kwa Kiswahili, wakimjua na jina la babake, walimcheka.

Mama alikaa mpaka bibi harusi alipotolewa. Akala pilau aliyopakuliwa. Akaaga.

Kesho yake alinichukua mpaka kwa mama mdogo. Hakukaa alipokaribishwa.

"Nilikwambia wewe peke yako," akasema.

"Wimbo tu huo, shoga. Watu wanacheka leo, kesho wanausahau. Sisi wenyewe mbona tulikuwa tukiwaimba watu? Wewe hukuwahi kumtungia mtu fumbo?"

"Nliwahi. La kuambiwa na yeye mwenyewe, analia, sikulitia kamwe."

Mama mdogo aliinamisha uso, akawa anachezea ncha ya kanga yake. "Wewe ulituita kasuku," akasema. "Mbele ya watu."

"Naam, nilikuiteni," mama akajibu, na tukatoka.

Lakini wimbo haukusahaulika, na sababu ilikuwa ile santuri. Zamani fumbo la harusi lilikufa na harusi yake. Likiimbwa wiki mbili lilikuwa limezeeka. Huu ulipigwa mkahawani kila siku. Yule mwanamke wa Bombei alikuwa akiimba mambo yake, maskini, hana habari nasi, na kila aliyepita njiani, muuza maji, watoto wa chuo, wachukuzi, alijaza maneno ya Tunguu mwenyewe. Mama alikuwa akifunga dirisha la upande ule, na joto lile, anashona kofia gizani.

Baba naye yalimfika. Alikuja siku moja ya Ijumaa, kakasirika, akasema mama kamfanya wimbo mjini. Akahamia Tunguu moja kwa moja. Talaka ililetwa na mjomba wake.

Mama hakutunga tena. Mimi niliposwa miaka michache baadaye, na nilimwomba ubeti mmoja tu, si lazima uimbwe, anisomee chumbani. "Sina," akanijibu. Haikuwa kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeulizwa chumvi. Harusini kwangu wifi zangu walikodi gramafoni, wakacheza nyimbo za sinema mpaka zikawachosha, na mama alikuwa jikoni siku nzima na wapishi.

Ameshatangulia sasa, na mama mdogo pia, walizikwa hawajasemezana. Watoto wa chuo kikuu hunijia wakitaka nyimbo za kale za harusi, wananiwekea chombo cha kunasia sauti mbele yangu. Nnajaribu. Katika zote alizonishikisha mama nimebakiwa na mistari minne, na mmoja katika hiyo sina hakika nao. Ule wa Tunguu nnao wote, beti zote sita, na wala hakuna aliyenifundisha.