Jina la Esther Katika Rege

Shemeji yangu Feliksi ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Ukipita asubuhi utamkuta kainama, mikono myeusi kwa grisi, na ile kaptula niliyochoka kumwambia aitupe. Si mwanamuziki. Maishani katunga wimbo mmoja tu, na afadhali asingeutunga.

Aliutunga alipofiwa na mkewe Esther, mdogo wangu wa kunifuata. Esther alifariki akimzaa Recho. Mtoto nikamchukua mimi, nikamlea Ujiji pamoja na wanangu. Feliksi hakuwa analia wala hakuwa anakula. Akaenda studio moja ndogo kule Gungu, na kinanda cha kuazima, akaimba taratibu, kila mstari kama anauvuta kisimani. Ubeti wa pili ndio uliokuwa na jina: Esther umelala, wanakuita huamki. Redio ikaupiga kidogo, halafu watu wakalalamika kwamba unawatia simanzi asubuhi yote hii. Ukaachwa. Naye akarudi kwenye injini zake, asiuimbe tena hata nyumbani.

Recho akakua. Halafu akatokea kijana wa Bangwe, Bariki, mwenye rasta mpaka mgongoni. Aliuokota wapi sijui, akautia rege. Jamani, wimbo uleule! Ukauteka mji. Ubeti wa pili aliukata, eti unazubaisha watu. Wakaja wengine nao, wa Bujumbura, wa Mwanza, kila mmoja na rege yake, na wote walimwiga Bariki, kwa hiyo Esther hayumo kwa yeyote. Bodaboda wanaupiga, mabaa yanaupiga, akina mama wanaoanika dagaa wanautingishia mabega. Watu wakawa wanampongeza Feliksi kwamba wimbo wake umefufuka. Yeye anasema asante. Mimi roho ilikuwa inaniuma. Wimbo umefufuka, haya, na aliyeimbiwa je?

Recho alipochumbiwa, akauchagua huohuo kuwa wimbo wa kuingilia ukumbini kwenye sendofu yake. Alijua kautunga baba yake. Hakujua alimlilia nani. Nilitaka nimwambie, Feliksi akanizuia. Alitaka Recho alisikie jina mwenyewe, mbele za watu, siku anayoagwa, ili mama yake awepo japo kwa jina. Hakutaka kingine chochote kwenye sherehe ile, hata suti tulimlazimisha. Akaenda Bangwe kumwomba Bariki, ambaye ndiye tuliyemkodi aje kuimba ukumbini, aurudishe ule ubeti. Bariki, niseme haki, ni kijana mwenye adabu. Aliitikia vizuri, akaahidi.

Siku ikafika. Feliksi alikuwa amesugua mikono kwa petroli mpaka kucha zikaonekana. Muziki ukaanza, Recho akaingia anacheza na mpambe wake, mzuri huyo, shingo ileile ya mdogo wangu. Feliksi alikaa wima, anausubiri ubeti wa pili.

Sasa, huku kwetu ukimtuza mwimbaji, anakutaja. Ubeti ulipoanza tu, shangazi wa upande wa mume, Elinipa, alishafika mbele na noti yake. Bariki akaona jina limemjia mkononi, na kwenye wimbo kuna mahali pa jina. Akaimba Elinipa umelala, wanakuita huamki. Ukumbi ukalipuka. Akafuata Edson, mjomba mtu, ambaye bia zilishamkolea, naye akaimbiwa amelala, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu Recho mwenyewe akaenda kutuza.

"Recho umelala," akaimba Bariki, "wanakuita huamki."

Nilishika meza. Mwanangu amevaa gauni la kuagwa, na wanamwimbia maneno ya marehemu huku wanapiga vigelegele, na yeye anazunguka anacheka. Nikamtazama Feliksi, akainuka. Nikadhani anakwenda kumpokonya Bariki kipaza sauti, na wallahi ningemsaidia. Wapi. Alikwenda kusimama nyuma ya watu wanaongoja kutuza. Akapanga foleni kwenye wimbo wake mwenyewe. Zamu yake ilipofika, akatoa noti kama wenzake, akamnong'oneza Bariki sikioni.

"Esther umelala, wanakuita huamki."

Likatajwa. Nikasema moyoni, haya, mdogo wangu, umefika. Ndipo MC akadaka. Simlaumu, hiyo ndiyo kazi yake.

"Kumbe mzee wetu naye yumo! Esther yuko wapi? Esther, simama tukuone!"

Na Esther akasimama. Mama mmoja mnene wa upande wa mume, wala sikuwa namjua, kitenge cha bluu, akapunga leso, akajimwaga katikati huku anayakata mauno. Makofi. Akamshika Feliksi mkono wamalize wote ubeti. Feliksi akasimama pale, mkono mmoja kashikwa na ule mwingine unaning'inia.

Recho jina la mama yake analijua, nimemfundisha mwenyewe tangu anaanza kuongea. Siku ile halikumjia. Alirudi mezani anahema, poda imechuruzika kwa jasho, akaniinamia sikioni anacheka.

"Mama mkubwa, baba kampatia wapi yule?"

Nikamwambia akae, keki inaletwa.