Siku Niliyotangaza Kwamba Sipiki

Tulikuwa wanne jikoni kwangu, hapa Nabuyoga, karibu na mpaka wa Kenya. Mimi mwenyewe. Mke mwenzangu mdogo, aliyeolewa nikiwa na watoto watatu na mpaka leo ananisengenya nikiwa nasikia. Shemeji yangu, anayemfuata marehemu mume wangu kuzaliwa. Na mjukuu wangu, mwenye simu na mwenye kuandika. Majina yao ninayo yote, hata ya ubatizo, na ya waliowabatiza. Siyataji kwa kuwa mjukuu amekataza. Tulipoandika jina moja tu, matapeli walitupigia wakidai wanaye yule tunayemtafuta.

Tunayemtafuta ni mama yake huyo mjukuu, kitindamimba wangu. Alikuwa akinunua dagaa ziwani Majanji, wale tunaowaita mukene, anavuka Busia, anauza katika masoko ya Kenya mpaka Kitale. Aliondoka Jumanne. Ijumaa simu yake ikazima, na siku hiyo ulikuwa mwezi wa tano tangu apotee. Ofisi ya polisi ya upande huu ilisema amepotelea ng'ambo. Ya ng'ambo ikasema hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alivuka. Nani hapa huvuka na karatasi akienda sokoni?

Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini nina blogu. Ilikuwa ya mapishi. Napika huku nasema, mjukuu anaandika na kupiga picha, na wanawake wa Jinja, wa Bungoma, wa Kitale wanasoma na kuniuliza chumvi niliweka lini. Miaka minne tulikuwa hivyo. Siku hiyo nikawaambia nimechoka na chumvi. Watu wote hawa wenye macho katika masoko yote hayo, na mimi nawafundisha kukaanga? Kuanzia leo tunaandika habari za mwanangu, basi.

Mke mwenzangu akasema watu walikuja kula, mimi nataka kuwanywesha machozi. Mjukuu, anayeniita Jaja, yaani bibi, ndiye aliyenitazama usoni.

"Jaja, hawa wasomaji wakiondoka, nani atamwona mama?"

Nilimwambia aandike: leo sipiki, moto haujawashwa jikoni kwa Jaja, tunamtafuta mtoto wetu. Akaandika. Maneno ya moto kutowashwa akayaweka juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Hapo ndipo nilipokosea, na uzee huu wote. Kwetu moto wa jikoni hauzimwi hivihivi. Jiko likilala baridi, nyumba hiyo ina maiti, na majirani ndio wanaopika. Wasomaji waliona kichwa, hawakufika chini. Pole zikamiminika. Mungu amlaze mahali pema. Kesho yake mchana wanawake wa kanisa kutoka Osukuru waliingia uani na unga wa wimbi na kuni kichwani, wameanza kulia tangu barabarani. Hayo ningeyavumilia. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kitale aliyekuwa akizunguka na picha ya mwanangu sokoni kila siku ya soko. Aliandika kwamba ameiweka picha ndani ya Biblia, hataulizia tena, apumzike.

Mjukuu alinisomea maneno hayo mara mbili. Kisha akasema polepole, "Tumemzika, Jaja."

Unga wa msiba haurudishwi, ni matusi. Na nikikaa nikawaacha wageni wapike, nimekubali mwanangu amekufa. Niliinuka kwa kushika mlango nikawasha moto mwenyewe. Nikapika mukene kwa simsim ya kusaga, nikatia ukwaju badala ya ndimu, kama anavyopika yeye. Nikawapakulia mmoja mmoja. Shemeji alifungua mdomo mara ya kwanza siku hizo mbili, akasema mfiwa hapakulii watu. Nikamwambia ndiyo, mfiwa hapakulii. Kilio kikakatika. Wakala.

Jioni mjukuu aliandika mapishi hayo, na ndani yake akatia habari za mama yake. Kwamba yeye huweka kipande cha ukwaju juu ya kila kopo la mukene analouza, hata usipoomba. Ukimwona mchuuzi wa namna hiyo, muulize kwao ni wapi. Wengine walituacha, wakasema chakula chetu kimekuwa na huzuni. Wengi wamebaki. Yule mama wa Kitale aliitoa picha kwenye Biblia akarudi nayo sokoni.

Tangu siku hiyo kila wiki napika kitu anachokijua yeye, na katika kila chungu tunaacha alama yake moja ya kumtambulia. Bado hakuna aliyemwona. Na mapishi anayoyajua si mengi, ni mtu wa kuuza si wa kupika. Nimebakiza mawili. Likiisha la pili sijui nitawashika watu kwa kitu gani.

Wiki iliyopita tuliandika kwamba ana kovu la mafuta ya moto juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Mke mwenzangu anasema ni wa kulia. Mimi niliyemwogesha nimefumba macho nikajaribu kuushika mkono ule, mara unakuja huu, mara ule. Huenda nimekosea. Wewe uliyepokea kopo mkononi mwake, na ukaliona kovu hilo, nisahihishe.