Kuku wa Shangazi Wanalala Kwa Nani?

Shangazi yangu hushona mashuka ya hospitali, na sijawahi kumwona akikosea upindo. Lakini tulipohama nyumba alikosea jambo moja: aliwahamisha kuku wake asubuhi, akawaachia huru uani ili wazoee.

Kuku wale aliwalea mwenyewe tangu vifaranga, kwenye boksi chini ya cherehani, baada ya mama yao kugongwa na pikipiki. Watu walimtania kwamba amezaa uzeeni.

Banda jipya nililijenga mimi. Lina bati, mlango wa wavu, na fito laini za kulalia. Jua lilipoinama tulisimama kando tukisubiri waingie. Hawakuingia. Walinyoosha shingo, wakageuka kama watu waliosahau sufuria jikoni, wakashika njia. Tuliwafuata kichochoro kwa kichochoro hadi kwenye ua tuliouhama. Banda la zamani lilikwisha kuvunjwa. Wakapanda juu ya matofali yaliyobaki palepale, wakabanana, wakafumba macho.

"Jamani, hapa pana nini?" shangazi akauliza. "Paa hakuna, fito hakuna!"

Kinyozi aliyehamia chumba chetu akatoka akitabasamu. "Karibu, mama. Umekuja kuwaangalia kuku wangu?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu walipokuja kulala kwangu kwa miguu yao. Mimi sikumwita mtu."

Nilimwambia huo ni unyang'anyi, na kwamba mnyonge akinyang'anywa kwa tabasamu bado amenyang'anywa.

"Kijana," akasema, "kichwa chako kimejaa masomo, lakini nywele nazo zimezidi. Pita kesho nikupunguze."

Kesi ikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mtu asiyependa kumuudhi yeyote. Alifikiri sana, kisha akaamua: kesho jioni kuku waachiwe kwenye njia panda, katikati ya nyumba hizi mbili. Watakapokwenda kulala, huko ndiko kwao, na mwenye nyumba hiyo ndiye mwenye kuku.

"Baba mwenyekiti," shangazi akasema, "mimi nimelala chumba kile miaka na miaka. Mbona nyumba haikuwa yangu?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akajikuna kidevu. "Hilo ni jambo lingine."

"Ni lilelile!" nikapaza sauti. "Kama kulala ni kumiliki, basi mtaa huu wote ni wa wapangaji!"

"Wewe kaa chini."

Jioni iliyofuata mwenyekiti, aliyewahifadhi kuku usiku ule, alikuja nao ndani ya tenga, akawafungulia. Mtaa mzima ulikuwa pale. Wakaenda hatua chache upande wa kinyozi, vijana wa saluni yake wakashangilia. Wakashtuka, wakarudi upande wetu, nami nikapiga makofi, wakashtuka tena. Wakazunguka pale wasijue waelekee wapi, na giza lilikuwa linaingia. Mwishowe mmoja akaruka juu ya geti la chuma lililoegemezwa ukutani kwa fundi welda wa pale njia panda. Wengine wakamfuata. Wakajipanga juu kabisa na kutulia.

"Mimi simo!" fundi welda akapiga kelele. "Hata geti lenyewe ni la mteja!"

Mwenyekiti akaliinua tenga tupu. "Kwa hiyo kuku ni wa... yaani, kwa utaratibu tuliokubaliana..." Kinyozi alinitazama, nami nikamtazama. Hoja nilikuwa nazo tele, lakini za kupinga nini, sikujua.

Shangazi alilisogelea geti, akaanza kuwashusha mmoja mmoja. Kuku akishatulia giza likiingia hapigani; walimlalia mikononi kama nguo zilizokunjwa. Wawili akawabana kwapani, wawili akanipa mimi. Akabaki mmoja.

"Usisimame tu, baba," akamwambia kinyozi. "Huyo ataanguka."

Kinyozi akamchukua. Sidhani kama alijua kwa nini. Alitufuata njia nzima akilalamika kwamba huyu ni wake, kwamba kumbeba si kukubali, kwamba kesho atarudi kwa mwenyekiti, na huku akimkinga kuku na upepo kwa kiganja. Hakuna aliyetuzuia.

Tulipofika bandani shangazi akawapandisha wale wanne kwenye ufito. Kinyozi akainama mlangoni, akachungulia ndani.

"Haya, na huyu wangu nimweke wapi?"

"Katikati," shangazi akajibu. "Hapendi kulala pembeni."