Viti vya Londoni Nilivyovijaza kwa Kosa

Napiga mashine karibu na chuo kikuu. Wanafunzi wananiletea kazi zao za mwisho wa masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono, mimi naziingiza kwenye kompyuta, nazichapisha, nazifunga na jalada la rangi wanayotaka. Shule niliiacha mwaka wa nne wa sekondari, kwa hiyo haya msiyachukue kama ya mtu aliyesoma. Nimeyatoa kwenye daftari yangu, na hata daftari yenyewe siiamini sana.

Kijana huyu alikuja na kurasa hamsini na kitu juu ya chama kimoja cha Irlandi, historia yake na mawazo yake. Jina la chama nililipiga mara nyingi na hata leo siwezi kulisoma kwa sauti. Mwaka uliotangulia kijana alikuwa amekosa kufaulu. Baba yake, mtu wa Kasai mwenye duka la simenti kule Naviundu, alikuwa amemwambia: ukikosa tena, masomo basi, utakuja kuuza pamoja nami. Kuuza simenti si adhabu, wajomba zangu wawili wameishi vizuri kwa simenti. Lakini yeye hakutaka, na ilionekana usoni.

"Mama, unasomaka ao unapiga tu?" aliniuliza siku ya pili.

"Vyote mbili. Ile chama yako iko na maneno mingi kupita baba mukwe yangu."

Kweli nilikuwa nasoma. Sura ya kwanza nilikuwa upande wao: kisiwa kimoja, kipande kimekatwa na kubaki chini ya mfalme wa Uingereza, wao wanataka kipande kirudi na kisiwa chote kiwe jamhuri. Hapa kwetu wazee walikuwa wakibishana juu ya kukata nchi. Hawa wanabishana juu ya kuunganisha, na mimi nikaona ni mabadiliko mazuri. Sura ya pili nikawaacha, sababu ya mabomu ya wale wenye bunduki waliokuwa karibu nao, na watu waliokufa bila kujua wamekosa nini. Sura ya tatu ikanikumbusha kwamba upande mwingine nao waliua, nao walizika. Chama kikagawanyika, kikagawanyika tena, kikaingia katika mapatano, kikaanza kutawala kile kipande cha kaskazini pamoja na wapinzani wake wa zamani. Jioni nikamwambia mume wangu sijui tena niko upande gani. Akaniuliza kama kuna mtu amenituma kuchagua.

Ndipo nikafika kwenye ile sentensi. Ilisema kwamba chama kinasimamisha watu kwa bunge la Londoni, watu hao wanashinda, halafu hawaendi kuketi. Nikasema, masikini, aliandika na usingizi. Sisi tumeona uchaguzi: kofia, vitenge vyenye sura ya mtu, gari la muziki tangu asubuhi. Aliyeshinda anapanda ndege ya Kinshasa kabla picha zake hazijabanduka ukutani. Mtu ashinde kiti, akiache? Nikarekebisha: wanashinda na wanaenda kuketi. Mbele kidogo ikarudi, nikarekebisha tena. Mahali patano. Nilifanya kwa roho nzuri, kama ninavyorekebisha herufi, na wanafunzi hunishukuru.

Nilipompa asome kabla ya kufunga, alisoma kama wanavyosoma wote: ukurasa wa shukrani, kuangalia kama shangazi hakuwekwa nyuma ya mjomba. Nakala tatu zikaenda kwa walimu.

Asubuhi ya kutetea kazi mbele ya walimu alipita kwangu kuchapisha karatasi ya kusomea. Akasimama mbele ya meza akijizoeza: "Swali langu kubwa ni hili: kwa nini chama kinapigania kiti, kinakipata, na kinakataa kukikalia?"

Vidole vyangu vilisimama. "Ile... iko kweli?"

"Nini iko kweli?"

"Ya kushinda bila kwenda."

"Mama, ile ndo kazi yangu yote!"

Ningeweza kunyamaza. Nakiri nilifikiri: labda walimu nao wamesoma shukrani tu. Kisha nikamwambia.

Akaketi, akasimama, akashika kichwa. "Mama, uliniua! Utanikuta Naviundu na mufuko ya simenti ku bega!"

"Nilizania ulilala ukiandika."

"Na bale bantu miaka yote ile banakataa, nabo balilala?"

Nikapiga karatasi ya masahihisho, mistari mitano, nakala tatu, nikafunga mlango na kwenda naye. Nilitaka niwaambie walimu kosa ni langu. Mlangoni akanionya kwamba wageni hawasemi, wanakaa nyuma tu.

Mwalimu wa katikati, mama mwenye miwani, aliinua kazi kwa mkono mmoja na karatasi yangu kwa mwingine. "Ndani ya kitabu wanaketi. Leo unaniletea karatasi inayowasimamisha wote. Hii ni kazi ya nani?"

Kijana alinitazama. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

"Ni yangu," akasema. "Sikuisoma tena. Aliyeipiga hakuamini kwamba mtu anaweza kushinda kiti na kukiacha. Nami nilipaswa kuandika mpaka aamini."

Kisha akaeleza. Ilikuwa kwa Kifaransa, naandika nilivyoelewa. Kuingia bunge lile lazima uape utii kwa mfalme, na kuapa ni kukubali kwamba ana haki juu ya kile kipande. Mpiga kura hadanganywi, anaambiwa mapema. Bunge la Dublin, la ile Irlandi iliyo huru, walilikataa pia muda mrefu. Walipobadili mawazo, wenzao wengine waliondoka na hasira. Na wapo wanaosema mpiga kura wao anabaki bila msemaji kule Londoni. "Hao nao wana haki," akasema. Hapo nilikubali kwa kichwa, peke yangu, nyuma.

"Na mshahara?" mwalimu akauliza. Watu wakacheka.

"Hawauchukui. Pesa za ofisi wanachukua."

"Aa. Sasa naanza kuwaelewa."

Walitutoa nje, wakatuita tena: kumi na nne juu ya ishirini. Dada zake walikuwa wameficha makopo ya poda kwenye mikoba, wakammwagia, kama tunavyompongeza aliyefaulu hapa kwetu, mpaka akakohoa. Nilijaribu kupita pembeni, maana siku ile sikuwa mtu wa kupongezwa. Akanishika mkono, akageuza kopo juu ya kichwa changu.

Nilirudi kwenye mashine nikiwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Mteja alikuwa ananingoja mlangoni.

"Dada, ulipata ngapi?"

"Kumi na ine," nikasema.