Dua ya Kiwanja

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi mtoto wa Mji wa Kale, niliyezoea nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, nimepata kiwanja changu huko Kwale! Niliwaonyesha vibarua jabali nililolikumbuka tangu siku ya kununua, nami nikafyeka nao miiba na kung'oa mawe hadi viganja vikachubuka.

"Mwanangu, una hakika ni hapa?" mama aliniuliza.

"Mama, kiwanja changu nisikijue?"

Jumapili nikaleta ukoo mzima, na mikeka, kahawa na halwa. Ami yangu akasoma dua, akamwombea mwenye kiwanja hiki ajaaliwe nyumba yenye kheri. Bwana mmoja aliyekuwa akipita akasimama, nikamkaribisha kwa bashasha. Akaitikia "Amina" kwa sauti kutushinda sote.

Alipomaliza halwa yake, akainuka.

"Mungu awalipe. Mimi na mke wangu tulikuwa tunawaza tutakisafishaje kiwanja chetu."

Kisha akanionyesha, upande wa pili wa jabali, pori tupu la miiba na mawe.

"Na chako, jirani, utakisafisha lini?"