Jaruba Nyuma ya Stendi

Mimi ni mtu nisiyeweza kutulia. Mama yangu alizoea kusema nilizaliwa nimesimama, na kazini wananitania kwamba kiti changu kitadumu kuliko cha mtu mwingine yeyote. Mwaka ule, mvua za mwanzo zilipokaribia Ifakara, nilizidi. Kila wingu lililojitokeza upande wa milima ya Udzungwa nililitazama kwa hasira, kama mgeni anayebisha hodi chakula hakijaiva.

Sababu ilikuwa kisima cha bibi mmoja. Nyumba yake iko chini kidogo ya stendi, stendi ni mali ya halmashauri, na mimi ni afisa mazingira wa halmashauri hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, maji yalifagia uwanja mzima: oili chafu ya magari, sabuni ya waosha pikipiki, maganda ya miwa, mikojo ya kando ya ukuta. Yote yaliingia kwenye mtaro wa udongo, na mtaro ukamwaga uani kwa bibi, hatua chache kutoka kwenye kisima chake kifupi. Siku ya kwanza nilipomtembelea alinichotea kikombe ili nione. Juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi. Jua lilikuwa kali, koo limekauka, nami bila kufikiri nikatoa chupa yangu ya maji ya dukani nikanywa mbele yake. Bibi akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. Niliona aibu ambayo sijapata kuisahau.

Nikamwendea bosi wangu. Nyuma ya stendi kuna kiwanja cha halmashauri ambacho miaka yote kazi yake ilikuwa kuotesha magugu. Nikaomba nichimbe pale shimo pana la kina kifupi, chini niweke kokoto, kisha mchanga, juu udongo mwepesi wenye matete na nyasi. Maji ya stendi yaingie humo kwanza, uchafu ubaki juu, maji yenyewe yazame taratibu. Bosi akakuna kidevu. Yeye alitaka mtaro wa zege ulionyooka hadi bondeni, na mtaro huo ungepita juu ya kisima cha bibi.

"Nakupa mpaka masika," alisema. "Maji yakituama pale, nafukia shimo lako na kisima chake siku moja."

Nilipewa vibarua wanne, wote watu wa mpunga. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa kijiji cha Mkula, mwenye mikono mipana na sauti ya kuamuru. Alichimba kama anayedaiwa shimo lile. Kokoto zikakaa, mchanga ukakaa. Siku ya kumwaga udongo wa juu kukawa na manyunyu, na udongo ukalainika. Mama yule akavua kandambili, akaingia, akaanza kukanyaga. Wenzake wakamfuata. Wakachukua ule udongo wa mfinyanzi tuliouchimbua, wakausambaza, wakaulainisha kwa nyayo, wakapiga kingo kwa bapa la jembe mpaka zikang'aa.

Natamani kusema sikuwepo. Nilikuwepo. Nimekulia Idete, nimekanyaga majaruba ya mpunga tangu sijui kusoma, na tope lile lilipopanda kati ya vidole vyangu, ule wasiwasi wote uliniondoka. Nilivua viatu vya ofisini nikakanyaga pamoja nao alasiri nzima, nikicheka. Tulipomaliza, mama wa Mkula akamwaga ndoo ya maji katikati. Yakakaa kimya.

"Afisa, umeona? Halivuji hata tone!"

Nikapiga makofi. Mimi, mwenye cheti cha chuo ukutani, nilipiga makofi.

Mvua ya kwanza ikaja, shimo likajaa vizuri sana. Kesho yake lilikuwa bado limejaa. Siku ya nne nikachungulia nikaona viluwiluwi vya mbu vikijinyonganyonga, na hapo ndipo akili ikanirudia. Tulikuwa tumejenga jaruba. Tulichukua kitu kilichotakiwa kuzamisha maji tukakiziba kwa ustadi wa mababu zetu. Bosi alipita na gari, akashusha kioo, akasema, "Naona umelima," akaondoka. Nilijificha nyuma ya choo cha stendi nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Nilipomweleza mama wa Mkula kwamba lazima tulivunje, alikataa katakata.

"Jaruba zuri namna hii? Si bora tusie mbegu tu?"

"Mama, mpunga wa oili atakula nani?"

Nikampeleka kwa bibi. Waliamkiana, "shikamoo," "marahaba," wakaulizana za nyumbani, kisha mama wa Mkula akakinusa kile kisima mwenyewe. Tuliporudi, akashika sululu. "Mama yangu angeniona leo, angenichapa," alisema, akapiga pigo la kwanza.

Tulitoa udongo wote wa mfinyanzi kwa toroli, tukajaza mchanga wa mto, tukapanda matete upya. Nilitandika mbao ili asikanyage mtu. Aliyeteleza mguu nilimfokea, na mara mbili nilijifokea mwenyewe.

Masika ikafika. Ilinyesha siku tatu, nami nikawa mtu wa kukimbia kati ya stendi na shimo, nimelowa chapachapa, wapiga debe wakinicheka. Asubuhi mvua ilipokatika, shimo lilikuwa tupu. Juu ya mchanga palibaki utando mweusi unaonuka gereji. Bosi akauchokonoa kwa ncha ya mwavuli.

"Basi, liache," akasema.

Wengine wangelala usingizi. Mimi sikuweza, maana shimo kukauka si kisima kupona. Tulikichota kisima chote, kikajaa upya, tukakichota tena. Kila mvua ikipita nilikwenda kuchungulia, na kila mara bibi alinikuta nimeinama pale kama mtu aliyedondosha pete.

Masika ilipokuwa ikiishia aliniita ndani. Alikuwa amechemsha chai ya rangi, akanimiminia kikombe kile kile.

"Maji ya hapa," alisema.

Chupa yangu ilikuwa begini, imejaa. Nilikiinua kikombe, na kabla hakijafika mdomoni pua yangu ilishatangulia. Nikajua ameniona. Uso ukanichoma kuliko chai.

"Hata mimi nilinusa kwanza," bibi akasema. "Kunywa, mjukuu wangu."

Nikanywa mpaka majani ya chini, nimekaa kitini.